Treni ya mvuke kwenye reli ya serikali

Kuhusu Middlesbrough, mji wa kaskazini mwa Uingereza, sina la kusema, ila chumba nilicholala kilikuwa baridi na mwenye nyumba alinitoza blanketi la pili kana kwamba nalinunua. Asubuhi nikapanda treni ya dizeli kwenda Whitby, bandari ndogo ya pwani ya Yorkshire. Tulipofika Battersby reli ikaisha. Dereva akachukua begi lake, akaenda kukaa kichwa cha upande wa pili, tukarudi tulikotokea kisha tukachepuka. Mimi peke yangu ndiye niliyeshangaa.

Nilishuka Grosmont kwa sababu ya moshi. Kijiji chenyewe kidogo, lakini kina stesheni mbili zilizopakana. Moja ni ya reli ya taifa, jukwaa tupu na ubao wa ratiba. Hatua chache tu pembeni kuna nyingine inayonuka makaa na mafuta mazito, wazee wakipita na ovaroli zao na makopo ya girisi. Hiyo ni North Yorkshire Moors Railway. Njia ilianza mwaka 1836, George Stephenson akiwa mhandisi, na mabehewa yakivutwa na farasi. Ikafungwa mwaka 1965, wapenzi wa reli wakaifufua mwaka 1973, na leo wanaendesha treni kilomita 29 kutoka Pickering hadi hapo Grosmont, kazi kubwa ikifanywa na watu wa kujitolea.

Nilidhani hapo ndipo mwisho wao. Watalii wanapanda, wanapiga picha, wanarudishwa walikotoka. Kumbe treni yao inavuka, inaingia kwenye reli ileile iliyonileta mimi, na kuendelea kilomita kama kumi hadi Whitby.

Nikamuuliza mzee mmoja aliyekuwa akifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. "Mzee, hii reli si ya serikali?"

"Ni ya serikali, kijana. Na sisi tuna leseni."

Akanivuta pembeni, na nusu saa ikapita tumesimama. Kwanza, si kila injini inaruhusiwa kuvuka. Inayovuka lazima iwe na mtambo wa kufunga breki yenyewe dereva akipita taa nyekundu, kisanduku kinachorekodi mwendo kama kile cha ndege, na redio ya kisasa ya kuongea na waongoza treni. Fikiria chuma kilichotengenezwa kabla mzee huyu hajaanza shule, kimefungwa redio ya kidijitali. Dereva naye hupimwa kwa kanuni za reli ya taifa. Kujitolea hakumpunguzii mtihani.

Kisha akanieleza habari ya tokeni, kifaa ambacho dereva akiwa nacho ndipo ana ruhusa ya kupita. Njia ile ni moja, treni mbili zikikutana ni msiba. Kwa hiyo kila kipande cha reli kina mashine zake za tokeni, na ni tokeni moja tu inayoweza kuwa nje kwa wakati mmoja. Ikishatolewa, mashine zote za kipande hicho zinagoma. Dereva anampigia simu mwongoza treni aliyekaa mbali huko Nunthorpe, anaruhusiwa, anaitoa mwenyewe, ndipo anaondoka. Awe wa dizeli au wa mvuke, utaratibu ni huohuo. Kilichonigusa ni hicho, kuliko hata moshi. Nilitegemea kusikia habari za mapenzi na kumbukumbu, mzee akanihubiria fomu, leseni na ratiba.

Nilipanda. Tiketi ilikuwa nyingine, na si bei ya daladala. Kiti kilikuwa cha sponji ya kizamani kinachokumeza mpaka kiunoni, dirishani masizi madogo yakiingia na kutua kwenye shati langu jeupe. Mto Esk tuliuvuka mara nyingi, sikuhesabu, maana mawazo yalikuwa nyumbani.

Mimi ni wa Arusha. Treni ya abiria ilirudi kwetu Oktoba 2020 baada ya kupotea takriban miaka thelathini, na watu walijipanga kando ya reli kuipungia mikono. Vichwa vya mvuke vya zamani vya Afrika Mashariki viko makumbusho ya reli Nairobi. Kimoja kinaitwa Mount Gelai, mlima wetu wa karibu na Ziwa Natron, kingine Nyaturu, watu wa Singida. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977 na Watanzania hao wawili wakabaki Kenya! Miaka ya 2000 viliwahi kufufuliwa vikavuta treni maalumu kwenye reli ya Kenya, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba treni ya mvuke kwetu haiwezekani. Mafundi wastaafu tunao, na reli ya zamani ya upana wa mita moja bado ipo. Ninachotaka kujua ni nani atakaa na Shirika la Reli mezani kuandika kanuni za nani anapita lini, na nani analipa kitu kikiharibika.

Whitby tulishukia jukwaa la pili, lililorudishwa mwaka 2014 ili treni za mvuke zisigombanie nafasi na za kawaida. Bandarini nikanunua samaki na chipsi kwa bei ambayo mama yangu sitamwambia. Kabla sijaonja, shakwe akashuka na kuondoka na kipande kizima cha samaki. Muuzaji alicheka hadi akashika meza, kisha akaniarifu kwamba cha pili ni bei ileile.