Daiodi mbili, ufa mmoja, masafa matatu

Mradi wangu wa mwaka wa mwisho chuoni hapa Mombasa ulikuwa antena inayobadili masafa, kwa ajili ya redio tambuzi: redio inayosikiliza kwanza, ikajua masafa gani hayatumiki, ndipo ikahamia huko. Mhandisi Joseph Mitola alilieleza wazo hilo mwaka 1999. Lakini redio ikihama na antena ikabaki palepale, ni kazi bure.

Nilitaka kuanza na masafa ya televisheni, MHz 470 hadi 694. Nikapiga hesabu: kwa MHz 500, nusu ya wimbi ni sentimita 30. Antena ya ukubwa wa sinia ya pilau! Nikapanda juu, kwenye GHz 2 na ushei.

Niliyoichagua ni antena ya ufa. Bodi ya FR4, ile ya nyuzi za kioo inayotumika kwenye saketi, ya unene wa milimita 1.6, shaba ya upande mmoja imechongwa ufa wa milimita 50, na upande wa pili una mstari unaoulisha mawimbi. Urefu wa ufa ndio unaoamua masafa. Ukiufunga njiani kwa swichi, unakuwa mfupi na masafa yanapanda. Swichi zangu ni daiodi mbili za PIN, vijipande vya elektroniki vinavyopitisha mawimbi vikiwashwa kwa umeme mdogo. Zote zikizimwa, GHz 1.9, ikiwashwa ya kwanza, 2.2, ya pili, 2.6. Kwenye kompyuta kila kitu kilinyooka, kwa sababu huko daiodi ilikuwa kipande cha shaba tu, nakiweka na kukiondoa nipendavyo.

Daiodi zenyewe ni ndogo kuliko punje ya mchele, na mkono wangu unatetemeka. Nikampelekea fundi wa simu Mwembe Tayari, mzee mwenye blowa na subira. Kabla hajalehemu chochote, akagusisha mita kingo mbili za ufa. Ikalia.

"Mwanangu, hii shaba si moja? Umeme wa kuiwasha daiodi utaupitisha wapi?"

"Ami, si kuna ufa katikati?"

"Ufa una mwisho, umeme utazunguka. Nikikuwekea nitakuwa nimekula pesa yako bure."

Nilivuka feri kurudi Likoni nimenuna, hasa kwa kuwa alikuwa na haki. Daiodi haiwaki bila volti kati ya ncha zake, na ncha zote mbili nilikuwa nimezikalisha kwenye shaba ileile.

Dawa yake ilinichukua wiki nzima. Kwa wembe na rula nilichonga mfereji mwembamba kuzunguka kipande cha shaba kando ya kila daiodi, kikawa kisiwa. Kisha kisiwa nikakiunganisha na bara kwa kapasita za pF 100. Kwa umeme wa betri kapasita ni ukuta. Kwa wimbi la GHz 2 ni ohm 0.8 hivi, linapita kama halioni kitu. Safari hii fundi alilehemu bila neno.

Nikawasha. Kwenye NanoVNA, kipimo kidogo cha antena, bonde la grafu linaloonyesha masafa ya antena likaruka, nikapiga kelele. Halafu nikaushika waya wa betri, bonde likahama tena. Waya wenyewe umegeuka antena! Nikaweka koili ya nH 47 pale pale waya unapogusa kisiwa. Kwa GHz 2 koili hiyo ni kama ohm 590, mawimbi yakakata tamaa. Rezista ya ohm 390 kutoka volti 5 ikatoa miliampea 10 hivi, zikatosha.

Likabaki la mwisho: zote zikizimwa nilipata 1.8, si 1.9. Daiodi iliyozimwa haitoweki, inabaki kapasita ndogo inayoyavuta masafa chini, na mimi kwenye kompyuta sikuihesabu. Nikaziba milimita 2.5 za mwisho wa ufa kwa utepe wa shaba, upande wa nje wa daiodi ili hali nyingine zisiguswe. Ya kati ilibaki 2.15 badala ya 2.2. Nikaiacha. Zote tatu zilikuwa chini ya dB -10, yaani nguvu inayorudi bila kurushwa haifiki sehemu moja ya kumi, na mtahini hakuomba zaidi.

Kabla ya siku ya kuwasilisha, shaba ilikuwa imeanza kufifia kwa hewa ya chumvi ya dirishani kwangu. Nikaipaka vanishi, nikapima upya usiku uleule, maana hata vanishi huyashusha masafa kidogo.