Nilivyopata bima ya afya nikiwa na mifupa iliyopungua uzito

Maombi yangu ya kwanza yalikwama kwenye barua ya daktari. Iliandikwa "osteoporosisi", yaani ugonjwa wa mifupa kuwa dhaifu na kuvunjika upesi, ilhali karatasi ya kipimo cha DEXA (eksirei ya kupima uzito wa mifupa) ilionyesha alama ya T, inayolinganisha mifupa yako na ya kijana mwenye afya, ya -1.9 kwenye uti wa mgongo, pingili L1 hadi L4, na -2.1 kwenye shingo ya mfupa wa paja. Kwa kigezo cha Shirika la Afya Duniani, -1.0 kwenda juu ni mfupa wa kawaida, kati ya -1.0 na -2.5 ni osteopenia, yaani mfupa uliopungua uzito bila kufikia ugonjwa, na -2.5 kwenda chini ndiyo osteoporosisi. Mkaguzi wa maombi akishaona jina la ugonjwa, tarakimu hazisomi tena. Nikarudi kliniki nikaomba barua iandikwe upya kwa mujibu wa kipimo.

Barua inayosaidia hutaja tarehe ya kipimo, alama ya T ya kila sehemu, tarehe tatizo lilipogunduliwa mara ya kwanza, na dawa pamoja na dozi yake. Mimi natumia kalsiamu na vitamini D tu, na hilo liliandikwa. Sentensi yenye uzito kuliko zote ni ile inayosema kama umewahi kuvunjika kwa kuanguka ukiwa umesimama tu, bila kishindo kikubwa. Kuvunjika kwa namna hiyo ni dalili ya mfupa dhaifu hata kama tarakimu hazijafika -2.5. Kama hujavunjika, hakikisha limeandikwa.

Kabla ya kwenda kampuni binafsi nilijisajili SHA, bima ya afya ya serikali hapa Kenya, kwa *147# na kitambulisho. Huko michango hukatwa kwa kipato, si kwa ugonjwa: asilimia 2.75, na isiyopungua shilingi 300 kwa mwezi. Asiyeajiriwa hupitia maswali ya kukadiria kipato cha nyumba, kisha hulipa mchango wa mwaka mzima. Maswali hayo yajibu polepole, maana ndiyo yanayotoa kiasi utakachodaiwa.

Za kibinafsi nilizifuata kwa miguu, Barabara ya Nkrumah na Moi Avenue, hapa Mombasa. Wakala mmoja alipofika kwenye swali la mifupa, viungo na mgongo aliniambia, "Mama, weka 'la' tu, nani atajua?" Atajua daktari wa siku hiyo. Fomu ya madai huuliza ugonjwa ulianza lini, naye huijaza kutoka faili lako. Ukionekana ulificha, dai hukataliwa na mkataba unaweza kufutwa, na pesa ulizolipa zimekwenda na maji. Niliandika "ndiyo", nikaambatisha barua na karatasi ya DEXA, nikabaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.

Majibu huja kwa sura tatu: kukataliwa, kukubaliwa kwa malipo ya juu zaidi, au kukubaliwa huku ugonjwa ukiondolewa. Hiyo ya tatu ndiyo ya kusoma kwa miwani. Rasimu niliyoletewa iliondoa "magonjwa yote ya mifupa na viungo". Kwa maneno hayo, bodaboda ikinigonga Buxton nikavunjika mguu, hawalipi. Niliomba kwa maandishi ibadilishwe iwe "kuvunjika kunakotokana na upungufu wa uzito wa mifupa, bila ajali", wakakubali. Usitosheke na ahadi ya mdomo. Sharti lililobadilishwa liwe kwenye mkataba wenyewe.

Kisha uliza muda wa kungoja. Kwa kawaida ajali hulipiwa tangu siku ya kwanza, maradhi ya kawaida baada ya siku 30, na ugonjwa uliokuwapo kabla baada ya mwaka mmoja. Mwaka ukiisha bado kuna kikomo: huenda kadi ni ya milioni, lakini ugonjwa wa zamani umetengewa sehemu ndogo tu. Taka tarakimu hiyo. Wanaochomwa dripu ya asidi ya zoledroniki, dawa ya kuimarisha mifupa, mara moja kwa mwaka, waulize inahesabiwa kama kulazwa au matibabu ya nje, kwa sababu waliokata bima ya kulazwa peke yake ndipo wanapokwama. Hata kipimo cha DEXA chenyewe mara nyingi huwa upande wa matibabu ya nje, nami hukilipia mwenyewe.

Wakala naye akaguliwe: awe na leseni ya mwaka huu ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, na malipo yaende kwenye akaunti au paybill ya kampuni, si kwenye simu yake.

Mkataba ni wa mwaka. Ukihama kampuni, muda wa kungoja unaweza kuanza upya, isipokuwa uonyeshe kuwa ulikuwa na bima bila kukatika na kampuni mpya ikubali kwa maandishi. Kwa hiyo mimi hulipa kabla ya tarehe ya mwisho, na cheti cha kila mwaka nakiweka bahasha moja na karatasi za DEXA. Kipimo kinachofuata hufanya kwenye mashine ileile, maana tarakimu za mashine mbili tofauti hazilinganishiki vizuri.