Dhamana ya milioni 36 na kihamba kisicho na hati

Mdogo wangu na wenzake wawili walifikishwa mahakamani Moshi kwa shtaka la wizi wa mtumishi, yaani kumwibia mwajiri, shilingi milioni 36. Kabla sijamlipa wakili nilimtafuta kwenye e-Wakili, mfumo wa Mahakama, nione kama leseni yake iko hai. Vishoka hawakosekani nje ya mahakama. Kisha tukaandikiana: ada ni ya dhamana tu au ni hadi hukumu? Msipolimaliza hilo mapema, kila kesi ikitajwa mtadaiwa upya.

Wizi wa mtumishi una dhamana, ila mali inayodaiwa kuibwa ikizidi milioni 10 Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka nusu ya thamani iwekwe mahakamani, taslimu au mali, na nusu iliyobaki isainiwe bondi, yaani ahadi ya maandishi ya kuilipa mshtakiwa akitoroka. Ndugu wengi hukata tamaa hapo, wakidhani kila mshtakiwa anadaiwa milioni 18. Wakili wetu aliomba mgawanyo, kwa sababu Mahakama ya Rufani ilishaelekeza kuwa washtakiwa wa shtaka moja wanagawana kiasi hicho. Ikawa milioni 6 kwa kila mmoja. Ombi hilo litolewe siku ileile ya kusomewa mashtaka, la sivyo ndugu yako analala gereza la Karanga mkiwa bado mnachangishana.

Fedha hatukuwa nazo. Baba mdogo akajitolea kuwa mdhamini kwa kihamba chake, shamba la ukoo, cha Kibosho, ambacho hakina hati, kama vihamba vingi vya mlimani. Sheria hailazimishi hati: inakubali ushahidi mwingine utakaoiridhisha mahakama kwamba mali ipo. Tulipeleka barua ya mtendaji wa kijiji, muhtasari wa kikao cha ukoo, ripoti ya mthamini na ridhaa ya maandishi ya mama mdogo.

Tulirudishwa. Barua ya mtendaji ilikosa jina la kati la baba mdogo lililopo kwenye kitambulisho cha NIDA, na picha ya mdhamini haikugongwa muhuri. Ilikuwa Ijumaa, kwa hiyo makosa hayo mawili madogo yalimgharimu mdogo wangu hadi Jumatatu. Soma barua hapohapo ofisini kwa mtendaji, herufi kwa herufi, kitambulisho kikiwa mkononi.

Mdhamini naye aambiwe wazi kabla ya kusaini: mshtakiwa akitoroka, kihamba kiko hatarini. Na mtoe nakala za kila karatasi, maana nyaraka halisi zinabaki mahakamani.