Udongo mwekundu na maji ya Nairobi Dam: mradi ulipofikia

Ninajaribu kupunguza fosfeti, yaani fosforasi iliyoyeyuka majini na kulisha mwani, katika Nairobi Dam, bwawa la jijini Nairobi lililovamiwa na gugu maji. Ndoo zilizoachwa wazi zimenipa jibu zuri. Maji niliyoteka ukingoni mwa Nairobi Dam yalitoa buluu nzito, dalili ya fosfeti nyingi, kwenye kipimo cha fosfeti, kile wanachotumia wafugaji wa samaki wa mapambo. Nikayakoroga na udongo mwekundu uliokaushwa na kuchekechwa, nikayaacha yatulie. Buluu ikafifia sana. Ndoo ya maji matupu, iliyowekwa kando kwa kulinganisha, ilibaki karibu vilevile. (Ukijaribu, vaa glavu. Maji haya yana kinyesi.)

Udongo wetu umejaa oksidi za chuma na alumini, nazo hunasa fosfeti. Mkulima wa Kiambu anaijua tabia hii: mbolea ya DAP, yenye fosfeti, huwekwa shimoni karibu na mbegu, kwani ukiitawanya shambani udongo unaimeza kabla mahindi hayajaionja. Choyo hicho kinachomtesa mkulima ndicho ninachokitaka kwenye maji.

Kwa nini fosforasi? Mwaka 1973 nchini Kanada, watafiti waliligawa kwa pazia ziwa dogo liitwalo Lake 226. Kaboni na nitrojeni walitia pande zote mbili, fosforasi upande mmoja tu. Upande huo ukawa kijani kwa mwani.

Ndoo iliyofungwa ndiyo imenifikirisha zaidi. Chini niliweka tope la bwawa, juu maji na udongo uleule, kisha nikaziba hewa isiingie. Tope likawa jeusi, likanuka yai viza, na buluu ikarudi. Oksijeni inapokwisha, chuma hubadilika na kuyeyuka, kikaiachilia fosfeti kilichokuwa kimeishika. Salfaidi, yenye ile harufu, nayo hukinyakua chuma kilichobaki. Na hiyo ndiyo hali ya chini ya gugu maji: majani yamefunika, upepo haufiki, yaliyokufa yanaoza.

Wanasayansi wa CSIRO, shirika la utafiti la serikali ya Australia, waliliona tatizo hili. Katika miaka ya 1990 walitengeneza bentonaiti (aina ya udongo wa mfinyanzi) iliyotiwa metali iitwayo lanthanamu. Lanthanamu hufungana na fosfeti kuwa madini magumu kuyeyuka, na kukosekana kwa oksijeni hakuyavunji. Lakini huhitajika takriban kilo 100 za udongo huo kwa kila kilo 1 ya fosforasi, na bwawa letu, lililojengwa mwaka 1953, bado linapokea maji taka kupitia Mto Motoine. Kumwaga udongo mwingi hivyo kabla ya kuzuia maji taka ni kuzika pesa topeni. Inaniuma, maana watu waliwahi kuendesha mashua za tanga hapa.

Kwa hiyo nimegeukia shabu, chumvi ya alumini inayotumika kusafisha maji. Alumini yake haitegemei oksijeni kuishika fosfeti, ila shabu huongeza asidi, na pH (kipimo cha asidi; kadiri inavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi) ikishuka chini ya 6 alumini inaweza kuwadhuru samaki. Ninasawazisha kwa magadi, kidogo kidogo, kwa karatasi ya kupimia pH. pH ikipanda hadi kukaribia 9, alumini huanza kuiachia fosfeti tena. Nafasi ya kuchezea ni finyu. Ndoo ya shabu na magadi imeshafungwa, tope ni lilelile, na nikiifungua nitapima maji ya juu na ya chini kila moja peke yake.