Kifuniko cha shilingi 600

Mimi huuza mayai. Jumanne na Ijumaa naamka saa kumi usiku, napanda Limuru kwa wafugaji wangu, na kufikia saa mbili niko Umoja na Donholm, mitaa ya Nairobi, nikigawa trei madukani. Gari langu ni steshenwagoni ya mwaka 2008, injini ya 1500, nililonunua kwa mtu aliyelitumia miaka sita. Kuhusu gari hilo nilijua mambo mawili tu, kulitia mafuta na kuliosha.

Siku lilipochemsha mara ya kwanza nilikuwa nimepita Kikuyu, napanda. Nilisikia harufu kama ya sukari inayoungua, halafu mvuke ukatoka pembeni mwa boneti. Nikaegesha. Kijana wa bodaboda akasimama kunisaidia, akavua jaketi lake, akalizungushia mkono, akafungua kifuniko cha rejeta, lile tangi la mbele linalopoza maji ya injini. Maji yaliruka juu kuliko kichwa changu. Yalimpata mkononi, kutoka kiwiko hadi kwenye saa. Nilimpeleka duka la dawa, nikalipa, nikarudi nikamimina jerikeni zima la maji baridi kwenye injini iliyokuwa bado inanguruma kwa joto. Siku hiyo Mungu alikuwa upande wangu, kwa sababu chuma cha moto kikimwagiwa maji baridi kinaweza kupasuka, na silinda hedi, kile kichwa cha juu cha injini, ikipasuka hata kuku wote wa Limuru hawatailipa.

Fundi wa kwanza ni wa karibu na nyumbani. Kijana mcheshi, mikono myepesi. Hakuuliza kitu. Alifungua boneti akasema, "Mathe, hii ni thamostati. Hizi gari zimetengenezewa nchi za baridi. Hapa Nairobi hiyo haina kazi." Akakitoa hicho kidude kinachosimamia joto la maji, akakitupa kwenye gunia la vyuma chakavu, akajaza maji, akachukua 1,500. Gari likaenda Limuru na kurudi salama. Nikamsifu kwa jirani zangu wawili.

Safari iliyofuata likachemsha tena. Sasa ikawa ni feni. Akaiunganisha moja kwa moja na swichi, ukiwasha gari feni inazunguka, iwe asubuhi ya baridi au mchana wa jua kali. Shilingi 1,000. Safari moja salama, ya pili likachemsha. Ikawa ni rejeta, imeziba. Tukatafuta ya mtumba kule Kirinyaga Road, 9,500. Safari mbili salama. Halafu pampu ya maji, 4,800, na siku nzima ya kazi.

Nimekuja kuelewa baadaye kwa nini kila dawa ilionekana kuponya. Kila mara fundi alipogusa gari alimalizia kwa kujaza maji mpaka shingoni. Maji hayo yalichukua safari moja au mbili kupungua. Kwa hiyo hata angenibadilishia taa za nyuma, gari lingepona kwa siku tatu na mimi ningeshukuru.

Nilipofikisha zaidi ya elfu 22 pamoja na ufundi, akaja na habari ya gasketi ya hedi, ule utando unaoziba kati ya hedi na injini. Injini ifunguliwe, hedi ipelekwe ikasawazishwe, jumla 35,000. Nilimwambia nitafikiria. Nilikuwa nafikiria kuliuza.

Mteja wangu mmoja wa Donholm, mwenye kibanda cha chipsi, ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja Kariobangi Light Industries. Ukiingia kule unapita watu wa kuchomelea mageti, unapita watu wa masufuria, kelele ya nyundo mpaka meno yanauma, kisha unamkuta mzee ameketi chini ya kipande cha bati anakunywa chai. Hakuinuka. Alinisogezea kigoda.

"Haya mama, linachemsha lini?"

Nikaanza kumwambia habari za pampu na rejeta. Akainua kiganja. "Hayo ni ya mafundi. Mimi nauliza gari. Linachemsha ukiwa kwenye foleni umesimama, au ukiwa unakwenda? Ukipanda au ukiteremka?"

Nilifikiria. Foleni ya Kangemi asubuhi halikuwahi kuchemsha. Nikiteremka na mayai, kamwe. Ni kupanda tu, baada ya Kikuyu, na mara nyingine dakika mbili baada ya kuzima.

"Mshale wa joto ulikuwa wapi?"

Hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. Mshale ulikuwa katikati, labda umepita kidogo. Haujawahi kugusa nyekundu.

"Na chupa ya akiba, ile ya plastiki pembeni?"

Imejaa hadi inamwagika, nikasema, na ndicho kilichokuwa kinanichanganya, kwa sababu rejeta yenyewe huwa imepungua.

Mzee akaweka kikombe chini. Alieleza kwamba gari linalochemsha kwenye foleni na kupoa likianza kwenda, kwanza angalia feni, maana likiwa mwendoni upepo wa barabara hufanya kazi hiyo bure. Linalochemsha mlimani au kwa mwendo wa kasi, tatizo liko kwenye maji yenyewe, yaani kama yanazunguka, kama yanatosha, kama yanabanwa. Langu lilikuwa la kundi la pili, kwa hiyo ile shilingi 1,000 ya feni ilikuwa sadaka.

Hakuniambia jibu hapo hapo. Alianza na gasketi, kwa sababu ndiyo ghali na ndiyo niliyoogopa. Akafungua kifuniko cha oili, akanionyesha upande wa ndani. Ukiona utandu mzito kama chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili. Wangu ulikuwa na oili safi. Akanifanya nikae nyuma ya gari liwashwe, niangalie kama moshi ni mweupe na hauishi. Hakuna. Kisha akatoa pampu ndogo ya mkono yenye saa ya kupimia presha, akaifunga kwenye shingo ya rejeta, gari likiwa limepoa kabisa, akapampu hadi sindano ikafika namba moja. Tukaiacha. Akamaliza chai, akaagiza nyingine na yangu pia, tukazungumza bei ya chakula cha kuku. Sindano haikusogea. Injini haivuji, rejeta haivuji, hakuna mahali panapovuja.

Ndipo akakichukua kile kifuniko. Kimeandikwa 1.1 juu, yaani presha kinayopaswa kushika. Akakifunga kwenye ile ile pampu kwa kipande cha shaba, akapampu. Sindano ilifika 0.3, ikasimama hapo, na tukasikia sssss ndogo, kama chapati ikigeuzwa. Akapampu tena. 0.3. Akakigeuza akanionyesha mpira wa ndani: umekauka, una nyufa kama kisigino cha mtu anayelima bila viatu.

Hapo ndipo nilipopata somo la fizikia ambalo shuleni lilinipita. Tulikaririshwa kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100. Hiyo ni Mombasa. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na hapa maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Limuru iko juu zaidi, ni chini ya hapo. "Ndiyo maana maharagwe ya kule yanakataa kuiva," mzee akasema. Sasa injini isiyo na tatizo hufanya kazi kwenye nyuzi 85 hadi 95. Maana yake ni kwamba bila presha, maji ya gari Limuru yanachemka injini ikiwa na joto lake la kawaida kabisa, mshale ukiwa katikati na dereva akiwa hana habari. Kifuniko ni kama kile cha sufuria ya presha: kikibana vizuri, maji hayachemki mpaka yapite nyuzi 115. Halafu kina kazi ya pili. Gari likipoa, kinafungua kijidirisha kidogo katikati na kuvuta maji kutoka chupa ya akiba kurudi kwenye rejeta. Changu kilikuwa kinasukuma nje tu, hakivuti. Chupa imejaa, rejeta tupu. Dalili yote ilikuwa mbele ya macho ya watu wawili waliokuwa wanauza na kununua vyuma.

Kifuniko kipya, halisi, kutoka dukani: shilingi 600.

Mzee alitaka pia nirudishe thamostati, na hapo nilibisha. Nilisema si Nairobi hakuna baridi? Akaniuliza kama gari lilikuwa linakunywa mafuta zaidi tangu itolewe. Lilikuwa. Daftari langu la mauzo lina bei ya mafuta ya kila safari, na nilikuwa nimelaumu serikali. Kumbe bila thamostati maji baridi yanazunguka muda wote, injini inachelewa kupata moto, na kompyuta ya gari ikidhani ndiyo kwanza asubuhi inaendelea kumwaga petroli ya kuamshia. Akaongeza, "Na hita ya kioo?" Kweli, mwezi wa saba ule ukungu wa Limuru nilikuwa nafuta kioo kwa leso, hita inapuliza baridi kama friji.

Ile mpya aliifunga uzi, akaiteremsha kwenye sufuria ya maji juu ya jiko la makaa la mama wa chai. Imeandikwa 82. Tuliinama wote watatu tukiangalia. Viputo vidogo vikaanza chini, na kabla maji hayajachemka ile sahani ya katikati ikaanza kushuka taratibu, ikaachia mwanya kama jicho linalofunguka. Mama wa chai akauliza hiyo ni nini, mzee akamwambia ni mlango. Tangu siku hiyo sinunui thamostati bila kuipika kwanza.

Feni ikarudishwa kwenye mfumo wake, kwa sababu feni inayozunguka siku nzima huchosha mota na kuunguza nyaya. Maji yangu ya kisima cha mtaa yakamwagwa. Yalitoka na rangi ya kutu na vipande vyeupe kama vile vinavyoganda ndani ya birika. Tukasafisha mara tatu, tukatia kulanti, dawa ya kupozea injini, iliyochanganywa na maji ya betri, yale safi yasiyo na asidi, nusu kwa nusu. Usichanganye rangi mbili za kulanti kama hujui zilivyo, na ile inayouzwa kwa bei ya soda mara nyingi ni maji yaliyotiwa rangi.

Mzee ana sheria moja ambayo naishika mpaka leo: chuma nunua cha mtumba ukitaka, lakini kitu cha mpira kamwe. Mipira ya maji, mikanda, vifuniko, gasketi. Mpira huzeeka hata ukikaa dukani. Hatukubaliani kuhusu kila kitu, yeye anasema kupima joto kwa simu ni michezo ya watoto. Mimi nilinunua kile kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani, 1,500 tu, na simu inanionyesha nyuzi zenyewe. Ule mshale wa dashibodi umetengenezwa ukae katikati hata joto likipanda na kushuka nyuzi kadhaa. Ukianza kusogea, mambo yameshaharibika. Kwenye mlima wa Kikuyu sasa nasoma 88, 91, mara chache 93. Nikiona 98 nazima AC, nashusha gia, na nikiona bado nawasha hita yote nifungue madirisha. Unatoka jasho lakini injini inapumua. Ikikataa, naegesha, nafungua boneti, na kifuniko sikigusi kwa nusu saa. Nabana kwanza mpira wa maji wa juu wa rejeta kwa kitambaa. Ukiwa mgumu, bado kuna presha, rudi ukakae.

Asubuhi kabla ya kuwasha naangalia chupa ya akiba, iwe kati ya ile mistari miwili. Dakika moja. Kwa kifupi hiyo ndiyo kazi yenyewe, na naifanya nikiwa bado na kanga.

Rejeta yangu ya kwanza sikuipata tena. Nadhani ilikuwa nzima, lakini fundi wa kwanza alikwisha iuza kwa kilo. Nilipita kwake majuzi kumpelekea mkewe trei mbili. Akaniuliza kama nilishusha injini. Nikamwambia ilikuwa kifuniko. Alicheka kidogo, akakuna kichwa, akasema haya mambo ya magari yana bahati yake. Halafu nikakumbuka thamostati yangu ya zamani, nikamwuliza kama bado iko.

Ilikuwepo. Aliingiza mkono kwenye gunia, akaitoa, akaifuta vumbi kwa ovaroli, akaniambia kwa vile ni mimi, ataniuzia 300.