Mtoto Aliyechuchumaa

Mwaka 2016 nilikuwa daktari mchanga katika hospitali moja ya milima ya Usambara. Usiku mmoja wa zamu yangu aliingia bibi akiwa amembeba mgongoni mjukuu wake wa kike, wa miaka mitatu hivi. Mama wa mtoto alifuata nyuma, amejitanda kanga, hasemi kitu.

"Alikuwa analia tu, mwanangu," bibi aliniambia. "Analia, analia, mara kimya."

Kimya kile ndicho kilichonitisha. Nilipomfunua, midomo na ulimi vilikuwa vya zambarau, macho yamelegea. Ncha za vidole zilikuwa zimevimba na kucha zimebinuka, dalili kwamba mwili umekosa oksijeni ya kutosha kwa muda mrefu, si usiku ule tu. Niliweka stetoskopu kifuani nikasikia mapigo ya mbio, basi.

"Bibi, akicheza na wenzake akachoka, hufanyaje?"

"Huchuchumaa. Hatua chache, kachuchumaa. Watu wanamwita mvivu."

Jibu lile lilinifanya niutambue ugonjwa: Tetralojia ya Fallot, kwa jina la daktari Mfaransa aliyeueleza mwaka 1888. Moyo wa namna hii una tundu kati ya vyumba vyake viwili vya chini, na njia ya damu kwenda mapafuni ni nyembamba. Mtoto akilia sana, njia hiyo huweza kujibana zaidi, na damu isiyo na oksijeni hupenya tunduni kwenda mwilini moja kwa moja. Ndiyo maana sikusikia mvumo wowote, yaani sauti ya damu ikipita kwa nguvu penye njia nyembamba: damu iliyokuwa inapita kwenda mapafuni ilikuwa kidogo mno.

Nilimwambia bibi apande kitandani, ampakate. Tukamkunja mtoto magoti hadi yaguse kifua, tukayashikilia hapo. Miguu ikikunjwa hivyo, mishipa yake hubanwa, damu hupata ugumu wa kwenda mwilini, na sehemu yake hugeukia mapafu. Hicho ndicho alichokuwa akikifanya uwanjani siku zote, peke yake, bila kufundishwa na mtu, na wenzake wakimcheka. Sista alisogeza barakoa ya oksijeni karibu na uso bila kumbana, maana kumliza tena kungekuwa hatari. Tukampa mofini kidogo, dawa ya kumtuliza, kulingana na uzito wake, na alipotulia tukamwekea dripu.

Mimi sikuiondoa stetoskopu. Muda ukapita, kisha nikasikia mkwaruzo mwembamba, ukazidi, ukawa mvumo mkali kabisa. Kwa mtoto mwingine sauti ile ingenipa wasiwasi. Kwake ilikuwa habari njema kuliko zote: njia ya mapafu imefunguka. Ulimi ukaanza kurudi rangi. Bibi akasema "Alhamdulillahi" wala hakuachia magoti.

Alfajiri mama akazungumza kwa mara ya kwanza. Ukweni walikuwa wamemwambia alivunja mwiko mimba ikiwa ya miezi saba, ndiyo maana kazaa mtoto wa hivi. Nilikaa naye nikachora kwenye nyuma ya karatasi ya vipimo. Mwanzoni moyo wa mimba hutoa damu kwa mrija mmoja, kisha ndani yake huota ukuta unaougawa kuwa mshipa wa mwili na mshipa wa mapafu. Ukuta ukiota umesogea mbele kidogo, mshipa wa mapafu hubanwa, chini yake hubaki tundu, mshipa wa mwili hukaa juu ya tundu hilo, na chumba cha chini cha upande wa kulia hunenepa misuli kwa kusukuma kwa nguvu. Yote manne hutokana na kusogea kule kumoja. Na kazi hiyo huisha wiki ya nane, wakati wanawake wengi ndio kwanza wanaanza kujishuku.

"Kwa hiyo miezi saba..."

"Moyo ulikuwa umeshajengwa zamani, mama. Hukuharibu kitu."

Aliniomba ile karatasi. Alitaka mumewe aione.

Tulimpa rufaa kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyokuwa imeanzishwa mwaka 2015. Kabla ya hapo wagonjwa wengi wa moyo walisubiri kupelekwa India. Kabla gari halijashuka Mombo nilimwambia bibi, mtoto akibadilika rangi njiani, amkunje vile vile. Alinionyesha namna atakavyofanya, na alifanya sawasawa.

Mtoto alifanyiwa upasuaji: tundu likazibwa, njia ya mapafu ikapanuliwa. Kliniki atahudhuria maisha yake yote, maana vali ya mapafu, kilango cha njia ile, huweza kuvuja baadaye. Mama yake alinipigia simu baada ya kurudi kijijini. Mtoto alikuwa ameanza kukimbia na wenzake, akasema, na mumewe ndiye anayewaeleza majirani, kwa ile karatasi.