Mguu Niliokataa Kuukanda

Kazi ya kukanda nimeirithi kwa bibi mzaa mama, aliyekuwa akikanda wazazi Ngamiani, Tanga, huko ambako barabara huitwa kwa namba. Nilimbebea maji ya moto na chupa ya mafuta ya nazi, nikamtazama anavyofunga mkaja, anavyoanzia kiunoni akishuka. Kabla ya kugusa mafuta alipitisha mgongo wa kiganja chake mwili mzima wa mzazi, taratibu, bila kunieleza sababu. Huku akiimba chini chini taarab za zamani, za enzi Black Star na Lucky Star zilipoisikizisha Tanga pwani nzima, na mikono yake ikifuata mapigo. Mapenzi yangu ya taarab na ya kazi hii yalizaliwa chumba kimoja. Hadi leo mgongo wa mtu siukandi kimya.

Baadaye nikaenda Moshi, hospitali ya KCMC, kusomea fiziotherapia, kisha nikarudi nyumbani. Wagonjwa wa kiharusi niliwashughulikia asubuhi. Jioni napanda baiskeli kwenda kwa wazazi.

Jioni moja niliitwa Makorora. Mzazi alijifungua kwa upasuaji, wiki mbili hazijatimia. Mama mkwe wake alikuwa ameshaandaa kila kitu: maji yanachemka, kanga zimekunjwa, uji wa pilipili manga umefunikwa. Nikamwamkia.

“Marahaba mwanangu, karibu. Kidonda nakijua, tumbo usiliguse. Ni mguu huu, unamuuma tangu jana. Uchue barabara, umekaza.”

Nilikaa mkekani nikapitisha mgongo wa kiganja. Mguu wa kulia ulikuwa wa kawaida. Wa kushoto ulikuwa na joto, ngozi imevutika inang'aa, na nilipobonyeza kidogo shavu la mguu yule binti akauma kanga. Pembeni palikuwa na cherehani. Nikaomba futi kamba, nikapima miguu yote miwili, sentimita 10 chini ya kile kinundu cha mfupa kilicho chini ya goti. Kulia 34, kushoto 38. Nikamuuliza kama kifua kinambana au pumzi inakatika. Akasema hapana, nami nikashukuru Mungu kimoyomoyo.

Mimba huifanya damu igande kwa urahisi, ni kinga ya mwili dhidi ya kutokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua. Hali hiyo haiishi mtoto akishatoka. Huendelea kwa wiki sita hivi, karibu sawa na arobaini yetu. Sasa mzazi aliyepasuliwa akikatazwa hata kuinuka, misuli ya shavu la mguu haipati kuisukuma damu irudi juu. Donge la damu likijijenga ndani ya vena, mshipa unaorudisha damu moyoni, mara nyingi huwa mguu wa kushoto, kwa kuwa vena ya upande huo hubanwa na ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, inayopita juu yake. Ukilichua linaweza kung'oka likasafiri hadi mapafuni. Mtu aliyekuwa anaongea na wewe anaweza kufa mbele yako.

“Mama,” nikasema, “mguu huu siukandi. Twende hospitali ya Bombo sasa hivi.”

“Hukandi? Kwani nimekuita uje kutazama?” Uso wake ulibadilika. “Bibi yako alinikanda mimi watoto wangu wote. Hakukataa mzazi hata siku moja.”

Maneno hayo yaliniingia, maana yalikuwa kweli. Bibi alishatangulia mbele ya haki, nami sikuwa na mwingine wa kunisemea. Nikamwomba anipe mkono wake, nikauweka kwenye mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Akaurudisha kulia mwenyewe. Akaurudisha tena kushoto. Halafu akamwita mwanawe kwa sauti iliyosikika hadi barabarani akatafute bajaji.

Altrasaundi ilionyesha donge juu kidogo ya goti. Alilazwa, akaanzishiwa sindano za heparini, dawa ya kuzuia damu isigande. Mama mkwe hakuuliza habari za donge. Aliuliza kama mtoto atanyonya. Daktari akamwambia anyonye bila wasiwasi, dawa ile haipiti kwenye maziwa. Hapo ndipo alipokaa kwenye benchi akavua viatu.

Yule binti alipona. Dawa aliendelea nazo miezi kadhaa, na nilipokuwa nikienda kumwona nilimfundisha kukanyaga na kuinua visigino, kumfanyia kazi msuli uleule ambao sikuuchua. Mabega yake, yaliyochoka kwa kunyonyesha, niliyakanda nikiimba, na yeye akijua maneno kuliko mimi.

Baadaye binti mwingine wa nyumba ile alijifungua, nikaitwa tena. Sijavua hata viatu, mama akanipokea mlangoni, futi kamba ikiwa shingoni.

“Nimeshampima. Kulia na kushoto sawasawa, na joto hana. Ingia umkande mwanangu.”